Alikuwa Anapita Tu Butembo

Mama mkwe wangu aliishi nyumbani kwetu Butembo miaka minne, na katika miaka hiyo minne hakukubali hata siku moja kwamba anaishi. Alikuwa anapita. Mgeni akiingia, akamsalimu na kumwuliza kama sasa amehamia kwa mwanawe, alinyoosha mkono kuelekea barabara ya kaskazini na kumweleza, kwa upole wa mtu anayemsahihisha mtoto, kwamba kwake ni Beni na hapa anapita tu. Alisema hivyo wiki aliyofika. Alisema hivyo tena asubuhi mwanangu wa mwisho alipoanza masomo ya watoto wadogo pale parokiani, mtoto ambaye hakuwa hata tumboni siku bibi yake aliposhuka kwenye lori.

Nguo zake zilikaa ndani ya sanduku la bati. Nilimpa kabati, akalishukuru kabati, akaliacha tupu hadi nikaanza kuweka maharage ndani yake. Kila asubuhi alifungua sanduku, akatoa kitenge, akafunga kufuli. Kila jioni alikikunja kitenge kile kile mara nne, akakirudisha, akafunga kufuli. Nilipomwambia kwamba nguo zitashika harufu ya bati, alinijibu kwamba mgeni hatundiki nguo katika nyumba ya watu. Hiyo "nyumba ya watu" ilikuwa ya mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Kutoka Beni hadi Butembo si safari. Ni kilomita hamsini na kitu, na siku njema mtu anakunywa chai huku na kula chakula cha mchana kule. Watu ni wale wale, Kinande tunachoongea ni kile kile, padri wa huku kesho anahamishiwa kule. Ila sisi tuko juu milimani, kwenye ukungu na biashara, na wao wako chini kwenye joto, mawese na kakao. Basi tangu zamani tunataniana. Kwenye harusi, upande wa Beni utasema watu wa Butembo wanamhesabia mgeni maharage kwenye sahani. Upande wa Butembo utajibu kwamba watu wa Beni wanaamka jua likishachoka. Watu wanacheka, wanakula, wanarudi kwao. Mama mkwe hakuwahi kurudi kwao. Yeye utani huo aliuanza alfajiri na kuulaza kitandani.

Alikuja kwa sababu ya vita. Wenye bunduki walikuwa wakiingia Beni na kutoka, kila mara kwa jina jipya ambalo tulikuwa hatujamaliza kulizoea wakati wengine wanafika na jina lao. Mume wangu akaenda kumchukua. Alimkuta kwenye shamba lake upande wa Mavivi, anakata magugu, na mama alimaliza mstari wake kabla hajamsalimu mwanawe. Alifika kwetu amekonda, kitenge kinamteleza kiunoni, na neno lake la kwanza alipoingia uani kwangu lilikuwa swali: kama hapa mlango unafungwa mchana kwa sababu ya wezi au kwa sababu ya baridi.

Jua ndilo lililokuwa adui yake mkubwa. Alikuwa akitoka nje, anaweka mkono juu ya macho, analitazama kama mtu anayekagua bidhaa mbovu sokoni.

"Jua yenu ni ya mu foto," aliniambia. "Inaonekana, lakini haitoe moto."

Baada ya jua ilifuata milima. Kwao, alisema, mtu akitumwa chumvi anakwenda na kurudi. Kwetu anatoka kijana na kurudi na magoti ya mzee. Baada ya milima, maji, kwamba yanauma meno. Baada ya maji, ndege. Kwao, pale Mavivi, ndege inatua na watu wanashuka na masanduku yao. Kwetu inatua nini? Nilikuwa nasonga bugali, mgongo umenipa jasho katika hiyo hiyo baridi aliyokuwa anailalamikia, na nilimwambia kwa heshima yote kwamba hata sisi tuna kiwanja. Alisema amekiona. Aliona mbuzi wametua pale wanne.

Tena alikaa jikoni. Alivaa makoti mawili ya mume wangu, moja juu ya jingine, akaweka kigoda chake karibu na mbabula, jiko letu la makaa, mahali pale pale ninapopita kwenda kuchukua maji. Miaka minne nilipika kwa kumzunguka. Nikichukua sufuria, pole Mama. Nikirudisha sufuria, pole Mama. Nina kovu mkononi hadi leo kwa kuinua chungu cha sombe ya majani ya muhogo juu ya kichwa chake.

Ningeweza kumvumilia kama angekuwa mvivu. Mvivu unamjulia. Huyu alifanya kazi kuliko sisi sote. Miezi mitatu haikuisha, kile kipande cha udongo nyuma ya nyumba, ambacho mimi nilikiita jalala, kilikuwa kimejaa kabichi, karoti na puaro za jamii ya kitunguu, zimepangwa mistari iliyonyooka kama wanafunzi. Mimi mzaliwa wa Butembo, binti wa mkulima wa Butembo, sijawahi kuotesha kabichi za ukubwa ule. Wanawake wa mlima wetu walikuja kumwomba miche. Aliwapa bila kinyongo, akawaonyesha jinsi ya kuipanda, akawainamisha mmoja mmoja hadi waishike vizuri. Kisha wakiwa mlangoni, miche mikononi, wanashukuru, aliwaambia wasitegemee sana, maana mboga za baridi hazina damu.

Sikumjibu. Hili lieleweke, kwa sababu ndilo lililonila miaka hiyo yote. Kwetu mke wa mtu hamjibu mama wa mume wake. Anaweza kulia, anaweza kwenda kuchota maji na kukaa huko mpaka hasira ipoe, lakini kinywa chake kinabaki kimefungwa. Mama yangu alinifundisha hivyo. Nilikuwa naitika "ndiyo Mama" kwa meno yaliyoshikana, halafu nakwenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Aliyemjibu alikuwa katekista.

Katekista alikuwa jirani yetu, mzee mstaafu mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za matope, na alizaliwa Butembo enzi ambazo, kwa maneno yake, ng'ombe walikuwa wengi kuliko mabati. Alimsikia mama mkwe juu ya ua wa mianzi siku ya pili tu ya kufika kwake, na siku ya tatu aliweka kiti upande wake wa ua. Kuanzia hapo, kila siku baada ya misa ya asubuhi, walisemezana bila kuonana. Katekista alisema Butembo haikumngojea mtu: hakuna serikali iliyoijenga, hakuna mzungu, watu walibeba mawe wenyewe. Mama mkwe alisema hilo linaonekana wazi, kwa sababu barabara zote zinaishia kwenye milango ya matajiri. Katekista alisema Beni ni mji wa watu waliotumwa, leo askari wa mbali, kesho afisa wa mbali, na hakuna anayechimba msingi. Mama mkwe alisema ndiyo, kwao mgeni anapokewa. Kwenu mgeni anaulizwa kwanza amekuja kuuza nini.

Siku moja alimwagiza dereva mmoja, kijana wa Beni aliyekuwa akibeba mizigo kati ya miji hiyo miwili, amletee mapapai. Yakaja mawili, mekundu ndani kama moyo. Aliyapitisha juu ya ua bila neno. Tulimsikia katekista akikata, akila, akikata tena. Mwishowe akasema kwamba ni matamu, hilo hawezi kukataa, lakini ni utamu usiotumia akili. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho kwa koti la mume wangu. Mimi niliyaona yale mapapai yakipita juu ya ua, na hata kipande sikupewa.

Aliniaibisha mbele ya watu mara nyingi, lakini mara moja hasa. Binti yangu mkubwa, Masika, alipokea komunyo ya kwanza, tukachinja mbuzi, tukaalika ukoo wangu wote na jamaa wa mume wangu wa Beni. Wazee walipomaliza kusema, mama mkwe aliomba neno. Alisimama na makoti yake mawili, akamshukuru Mungu, akamshukuru mwanawe, akawashukuru watu wa Butembo kwa kumpokea mtu wa kupita. Alisema chakula kilikuwa kingi na kilipikwa kwa usafi. Kisha akasema kwamba yule mbuzi tu ndiye anamhurumia, kwa sababu baridi ilikuwa imemuua kabla kisu hakijafika. Watu wa upande wa Beni walianguka kwa kicheko. Mama yangu mzazi, aliyemfuga mbuzi yule kwa mikono yake na kumleta kwa kamba tangu kijijini, aliinuka, akajifunga kitenge, akaondoka. Hakukanyaga kwangu miezi mitatu.

Hata risasi hazikumnyamazisha. Maana tusijidanganye, Butembo nayo ilikuwa na siku zake. Mchana mmoja milio ilianzia upande wa chini wa mji, ikapanda kwa haraka, na kabla sijajua nishike nini, mama mkwe alikuwa ameshawasukuma watoto wote chini ya kitanda na kuingia nyuma yao. Alilala kifudifudi, amewafunika kwa mikono. Watoto walikuwa wanalia. Akawaambia wasikilize vizuri: hizi ni risasi za Butembo, zinapanda mlima, zikifika huku zimeisha kuchoka. Masika alicheka ilhali machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimejibanza ukutani, sijui mume wangu yuko wapi, na nakumbuka niliwaza kwamba tukifa leo, jambo la mwisho nitakalolisikia duniani ni huyu mwanamke akiusema mji wangu.

Mwaka wa pili alitoroka. Sina neno jingine. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda kununua bidhaa, na nilirudi kutoka sokoni nikakuta kigoda hakina mtu na sanduku halipo. Katekista aliniambia juu ya ua, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu, kwamba alimwona akipanda gari. Nilimwachia watoto mama yangu, ambaye tulikuwa tumepatana naye majuzi tu, nikachukua barabara ya Beni, na mimi siku hizo nilikuwa na mimba ya miezi sita.

Nilimkuta kwenye uwanja wake upande wa Mavivi, ameinama juu ya turubai, anageuza kakao kwa mguu. Lakini kabla ya kumfikia yeye nilimfikia jirani yake, mjane mwenzake, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, aliyekuwa rafiki yake tangu wote wawili ni wake wapya. Waliolewa mwaka mmoja, wakazika waume mwaka mmoja, na kakao yao ilikauka juu ya turubai moja. Alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili.

"Umekuja kumuchukua? Wasingya, mama," alisema, akinishukuru kwa Kinande. "Atatuua na Butembo yake. Kabichi ya Butembo, maji ya Butembo, batu ba Butembo namna banatumika kazi. Tumechoka."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie, akarudia, na akaongeza. Kumbe tangu ashuke kwenye gari, mama mkwe alikuwa hajafunga kinywa. Kwamba Butembo mtu akipata kabichi moja leo, kesho anazo kumi. Kwamba kule watoto wanasoma hata mvua ikinyesha. Kwamba mke wa mwanawe anaamka kabla ya jogoo. Pale kwenye jua la Beni, miguu imenivimba, ningepaswa kufurahi. Niseme ukweli, nilitaka kumrushia kiatu.

Alikubali kurudi kwa sharti moja: mwenzake aje naye. Alimsihi mchana mzima. Mjane yule alikataa. Aliuliza nani atalinda nyumba mbili, nani atageuza kakao, nani atafungua mlango watu wa Oicha wakikimbia kama walivyokimbia mwaka juzi. Mama mkwe alimwambia nyumba haina thamani ya mtu. Mwenzake akamjibu kwamba ndiyo, lakini mtu akirudi anahitaji nyumba. Mwisho wakaagana kwa ugomvi, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na nilipogeuka nikawaona wote wawili wanafuta pua.

Njiani kurudi, kwenye barieri ya tatu, askari alitushusha. Alikuwa kijana kutoka jimbo la mbali, Kiswahili chake kimejaa Lingala, macho mekundu. Alichukua kadi zetu. Alipoona tunakwenda Butembo alizipiga kadi kwenye kiganja chake, akasema watu wa Butembo ni wezi wote, mji wa wafanyabiashara, hawampi askari hata maji. Abiria walitazama chini. Mimi nilitazama chini. Nilimfinya mama mkwe kiunoni, kwa nguvu, na nilimsikia akivuta pumzi kama avutavyo kabla ya kuanza.

"Papa," alimwambia, "Butembo iliniweka mwaka muzima. Haikuniuliza kadi hata siku moja. Weye uko unaniuliza kadi huku kwetu."

Askari alimsogelea. Alimwuliza kama yeye ni wa Butembo. Alijibu kwamba ni wa Beni. Basi unaigombania Butembo juu ya nini? Akasema ni kwa mtoto wake, na mtu hatukani kwa mtoto wa mwenzake mbele yake.

Alitukalisha chini kando ya barabara, sisi wawili, zaidi ya saa moja, huku gari zima likitungoja na jua likinipiga kwenye tumbo. Nilisali rozari yote kwa vidole. Kisha askari alirudi, akatupa kadi mapajani mwetu bila kututazama, akasema tupite. Sijui hadi leo kwa nini. Tulipanda gari, tukaenda kama kilomita tano hivi, barabara ikaanza kupanda, na mama mkwe akajifunika koti na kusema kwamba munaona, baridi yenu inaanza. Nililia mpaka Butembo. Abiria walidhani ni hofu.

Habari ya mjane wa Beni ilitufikia mwaka uliofuata. Vita vilikuwa vimewasukuma watu wa Mambasa na vijiji vya njiani, wakaja kwa miguu, wakapita Oicha, wakajaa Beni. Tulisikia kwamba yule mama amefungua nyumba zote mbili, yake na ya mama mkwe, na kila chumba kina familia. Mashamba hayakufikika. Tulimtumia viazi na maharage mara mbili kwa yule dereva. Mara ya tatu, dereva alifika kwetu mchana tukiwa mezani, na gunia letu alikuwa nalo bado begani. Kuhara kuliingia katika zile nyumba. Mama yule alikuwa anawauguza wengine na ugonjwa ukamchukua kwa siku tatu. Wageni wake ndio waliomzika.

Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameshika sahani yake mkononi. Aliiweka chini, akaisukuma mbali kidogo, akasema kwamba chakula cha Butembo hakina chumvi. Kisha akainuka na kwenda kwenye kabichi zake.

Hapo ndipo nilipomchoka kabisa. Niliona moyo wake umekufa. Mtu wa miaka arobaini ya urafiki amekwenda, na wewe unazungumzia chumvi? Na kuanzia siku hiyo alizidi. Zamani alitania, sasa alichapa. Hakuna kitu cha Butembo kilichopona: mkate, kengele za kanisa, namna tunavyoanua nguo, namna tunavyocheka. Watoto walianza kumkwepa. Wiki nzima hakumjibu katekista, na mzee wa watu alikaa upande wake wa ua, anarusha uchokozi mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetupa ndoana kwenye maji yasiyo na samaki. Aliporudi kujibu, alimwambia neno kali juu ya marehemu mke wake na matope ya makaburi yetu, na katekista akachukua kiti chake, akaingia ndani. Alikitoa tena baada ya siku tisa. Mimi nisingekitoa.

Nilimwambia mume wangu achague, mama yake au mimi. Alinitazama kama niliyemwomba achague jicho. Alitoka, akaenda dukani, akarudi na kitenge kipya kwa kila mmoja wetu, vya rangi moja. Huyo ndiye mume wangu.

Vita vilipotangazwa kuwa vimekwisha, au vilipotangazwa kwa sauti kubwa kuliko mara nyingine, aliondoka. Hakungoja wiki. Nilimkuta asubuhi amekaa juu ya sanduku lake barazani, amevua makoti yote mawili na kuyakunja. Alimuaga kila mtoto kwa jina. Kwa katekista alikwenda mwenyewe, akazunguka ua kwa mara ya kwanza katika miaka minne, na walisimama wanatazamana kama watu waliokutanishwa kwa makosa. Mimi aliniambia nisimwagilie kabichi mchana.

Jikoni kwangu palikuwa na nafasi. Ningeweza kupita na sufuria mbili kwa pamoja. Mwezi mzima niliendelea kupita kwa ubavu.

Mara ya mwisho kumwona akiwa na nguvu zake ilikuwa miaka mingi baadaye. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, miguu inavimba, na mume wangu alinituma nikamtazame kwa siku tatu. Nilimkuta Beni, kwenye uwanja ule ule, amezeeka, sauti haijazeeka. Nyumba ya mwenzake ilikuwa na watu. Familia moja ya upande wa Mambasa haikurudi kwao tena, naye aliwaacha wakae. Siku ya tatu, nikingoja gari, tuliketi kwenye mkeka tunapura maharage kwa mikono. Watoto wangu walikuwa wakubwa. Nilikuwa na mvi. Nikaona kwamba nisipouliza leo sitauliza tena.

"Mama," nilimwambia, "leo uniambie kweli. Beni na Butembo, wapi mutu anaishi muzuri?"

Aliendelea kupasua maganda. Alijaza mkono, akamwaga kwenye ungo.

"Butembo," alisema.

Nilimtazama. Hakuniangalia.

"Mi nilinona kule. Nilifika bitenge binanguka, miezi sita bikakatala kufunga. Na mwenzangu huku alikuwa anapima unga na kikombe ya chai. Siku ile dereva anaingia, nilikuwa nataka kukuomba unipakulie tena. Sahani niko nayo mu mukono. Basi, ningesifu Butembo na kinywa gani?"

Nilikaa na ganda la maharage mkononi. Miaka mingapi nilikuwa nimebeba ile chumvi moyoni? Nilimwuliza, na sauti yangu haikuwa ya heshima sana, kwa nini hakuniambia. Siku moja tu, neno moja tu. Ningeelewa.

"Ungeelewa, ndiyo," alisema. "Ungeniletea chai. Ungewaambia batoto banyamaze. Mi sikutaka huruma, nilitaka mutu wa kugombana naye, siku zipite. Katekista alinijibu, Mungu amubariki. Weye, miaka mine, kimya kama ukuta ya kanisa. Mama Masika, ulinichokesha."

Yeye ndiye aliyechoka. Mimi ndiye niliyemchosha. Nilipura maharage yale kwa hasira hadi kucha ikapasuka, naye akasogeza ungo karibu yangu nisimwage nje.

Gari lilipofika alinisindikiza mpaka barabarani, polepole, amenishika bega. Niliketi mbele kando ya dereva, mtu wa Beni, mzito, mwenye adabu. Mama mkwe aliinama kwenye dirisha lake, si langu. Alimwagiza aendeshe pole pole, kwa sababu barabara ya kwao kule milimani imeharibika, kama kila kitu cha kule.

Nikatoa kichwa nje.

"Mama," nilisema, "barabara inaharibika ni ya huku kwenu. Ya kwetu batu bameisha kutengeneza na mikono yabo. Hawakungojea mutu."

Dereva alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele, kama mtu aliyeona jambo asilopaswa kuliona. Mama mkwe alisimama wima. Aliweka mikono kiunoni, akavuta pumzi ndefu, na uso wake wote ukafunguka.

Akaanza kunijibu. Alianza na jua, akaja kwenye milima, na alikuwa bado hajafika kwenye ndege wakati gari lilipoondoka. Nilipogeuka nyuma, alikuwa katikati ya barabara, pikipiki zinampita kulia na kushoto zikipiga honi, mkono mmoja juu, anaongea.